Mjerumani wa Baba, Mjerumani wa Baba Mdogo

Nianze kwa kukiri ujinga wangu mwenyewe, kabla majirani hawajautangaza wao: nimelivunja pipa langu la taka kwa spana, nikidhani ni la Mama Hodan. Nililipiga kwa nia safi kabisa ya kumkomoa. Mfuniko ukapasuka, bawaba zikang'oka, na nilipolizungusha ili nishughulikie magurudumu nikaiona namba ya nyumba, niliyoichora mimi kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari. Ndiye mimi huyo: mwanamke ambaye hata daktari ameshindwa kumtoa ndani akatembee, magoti yake yote mawili yana malalamiko, siku aliyoamua kutoka nje bila kubembelezwa ametoka kwenda kuipiga mali yake.

Kisa ni pampasi. Wakati ule magari ya taka yalikuwa hayapiti kwa sababu ya mgomo, mifuko imerundikana mtaani kwetu Bordesley Green, huku Birmingham, mpaka panya wanakatiza barabara kwa mwendo wa wenye nyumba, na kila mwenye mkwe mwenye gari alikuwa akimbembeleza ampelekee uchafu wake dampo la Tyseley. Mama Hodan ni Msomali aliyekulia Garissa, tunachangia ukuta wa kushoto. Ni mtu wa msikiti, ndiye huitwa pakiwa na maiti ya mwanamke ya kuoshwa, na nyumbani ana mjukuu mchanga. Asubuhi moja nafunua pipa langu, nakuta pampasi za mjukuu. Sikuuliza. Niliuchukua mfuko nikaurusha juu ya uzio, ukapasukia kwenye nguo alizoanika. Naye akanijibu, na Kiswahili cha Garissa kikikasirika hakina koma.

Tangu hapo nikatoa amri: anayekunywa chai kwa Mama Hodan, asije kunywa kwangu. Nilimtangazia Mama Neema, Mkongo wa Uvira, ambaye ukuta wake ni wa kulia. Nilimtangazia binti yangu Zuhura. Nilimtangazia hata mjukuu wangu, ambaye huelewa kila ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza. Alinijibu neno moja, sitaliandika. Matokeo ya amri yangu ni kwamba birika langu kubwa limekuwa likichemka kwa ajili ya kikombe kimoja. Wote walikwenda kwa Mama Hodan. Ana maandazi.

Basi baada ya kulishinda pipa langu nilikaa kwenye kizingiti cha mlango, nikihema, nikajipangusa uso kwa kiganja. Ndipo harufu ikanipata. Spana ile imelala miaka kwenye droo, nimekuja nayo kutoka nyumbani ndani ya kitambaa, na bado ina mafuta ya mashine yaliyoingia kwenye chuma yakakataa kutoka, na chini yake kitu kama petroli, na chini kabisa, kama una pua ya kumbukumbu, kitu kingine. Ni harufu ya mikono ya Baba. Nilikuwa nimekaa Birmingham na mkono wa baba yangu usoni mwangu.

Walio rika langu mtazikumbuka siku zile, nchi ilipokuwa mpya na kila mgeni anashuka na zawadi mkononi. Sisi tulikaa njia ya Pugu, karibu na uwanja wa ndege, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, uani jiko na choo. Baba alifanya kazi kwa Wajerumani waliokuja kuwafundisha vijana wetu urubani. Yeye hakurusha kitu. Aliosha vyuma vya ndege kwenye karai la petroli na kuvipanga juu ya gunia. Lakini akirudi jioni aliingia uani kama mtu aliyeshuka moja kwa moja kutoka mawinguni, akanawa taratibu, na Mama akampa maji ya pili bila kuombwa. Mdogo wake, Baba Mdogo Saidi, alikuwa mwashi Unguja, anajenga magorofa na Wajerumani wengine. Na hapo kwenye wengine ndipo akili yangu ya utotoni ilipopotelea.

Mimi nilielewa hivi. Mjerumani alikuwa mtu mmoja, tajiri, akafa, akaacha wana wawili wa mama mbalimbali. Wakagombea nyumba. Wakajenga ukuta katikati ya ukumbi ili mmoja asijue mwenzake kapika nini. Habari za ukuta nilizisikia redioni kwa masikio yangu, kwa hiyo hakuna mtoto mtaani aliyeweza kunibishia. Kilichonisumbua ni choo, kwamba kilibaki upande wa nani. Nilimwuliza Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akichambua mchele. Bibi hakucheka. Alisema, "Mimi nilimjua Mjerumani alipokuwa mmoja."

Halafu akanieleza, huku vidole vyake vinaendelea na mchele, habari za baba yake, aliyebebeshwa mzigo wa vita vya Wajerumani, akajikwaa mtoni, sanduku likaingia maji. Alilazwa kifudifudi mbele ya wenzake akapigwa kiboko. Watu wa enzi hizo walikuwa na jina la adhabu ile, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na waliitaja kama unavyotaja ugonjwa. Bibi, akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi, ndiye aliyekuwa akimpungia nzi mgongoni. Alisema mgongo ule haukurudi kuwa wa mtu, ulikuwa kama shamba lililolimwa. Nilisikiliza, nikaona inaingia vizuri kwenye hadithi yangu: baba mkali namna hiyo, watoto wake watapatana vipi?

Barazani wanaume waliyaongea mambo hayo kila jioni, na mimi nilijifanya nacheza. Mjerumani wa magharibi, walisema, hataki nchi yoyote imwamkie ndugu yake wa mashariki. Ukimpa yule kiti, huyu anasimama na kuondoka na sahani yake. Sasa Unguja walikwisha kumpa wa mashariki nyumba na mlingoti wa bendera, na Unguja na bara wamekuwa nchi moja. Kwa hiyo Mjerumani wa magharibi akauliza, mnamwamkia nani? Serikali ikajaribu kuwakalisha wote, mmoja kwenye kiti, mwingine kwenye kigoda karibu na mlango. Hakutaka. Akawaita watu wake wa ndege warudi kwao. Na wakubwa wetu, ambao nao wana damu, wakamwambia, kwa maana yake, kama msaada wako ni bei ya salamu zetu, beba na uliobaki. Baraza zima likapiga makofi. Baba hakupiga. Yeye ndiye aliyekuwa akila kwenye sahani ile.

Siku ya mwisho Mjerumani wake, ambaye mimi nilimjua kwa jina la Bwana Dita na kwa masikio yake mekundu, alimpa mkono, akampa na spana. Baba alikuja nayo mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Aliifunga kitambaa akailaza chini ya mto wake. Kisha akakaa. Baba yangu hakuwa na kipaji cha kukaa. Wiki ya kwanza alimpiga teke mbuzi wa mpangaji akamvunja mguu. Wiki iliyofuata alimrushia Mama bakuli la uji kwa sababu ulikuwa mwepesi, na Mama alitembea na kovu la paji la uso mpaka anazikwa. Tukiwa wakubwa tulimtania kwamba ni ramani ya Ujerumani, naye alicheka, lakini alicheka akiwa ameshika kanga.

Hasira ya mtu mdogo haifiki Ulaya. Inatafuta mtu wa karibu, na wa karibu alikuwa Saidi, ambaye Mjerumani wake hakuondoka, ambaye kila jahazi la habari kutoka Unguja lilimsifu kwamba sasa anapandisha ghorofa ya tatu. Siku moja Baba alitukusanya ukumbini akatusomea amri, na nilipoisikia niliitambua mara moja, maana ilikuwa ileile ya redioni. Atakayemwamkia Saidi, au kupokea salamu zake, asimwamkie yeye. Mimi niliona fahari. Nilitoka nje nikawakatazia salamu watoto watatu wa jirani kabla ya chakula cha mchana.

Sasa hapo palikuwa na Mzee Masanja, mwuza mkaa, Msukuma, mtani wetu sisi Wazaramo. Wa rika langu sina haja ya kuwaeleza, lakini wajukuu wakisomewa haya waambiwe: mtani hanuniwi. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakutukana wewe na babu yako, na wewe wajibu wako ni kucheka. Ukifiwa, yeye ndiye anayefanya mizaha pembeni ya jeneza. Ukigombana na ndugu yako, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchota majivu na kuwamwagia nyote wawili, na yakikugusa, umekwisha, unashusha mkono. Mzee Masanja kila jioni alikuwa akipita kumwambia Baba kwamba Wazaramo wamekabidhiwa ndege kwa sababu wanaogopa kupanda minazi. Baba alicheka mpaka machozi. Lakini Masanja alikwenda Unguja kumzika dada yake, akalala kwa Saidi, akarudi na salamu. Alizitoa palepale uani, kwa sauti, kama mtu asiye na hatia. Baba akamwambia asikanyage tena kwake. Bibi aliacha alichokuwa akifanya. Mzee Masanja mwenyewe alicheka akingoja Baba naye acheke, kisha akaacha kucheka, akatoka. Sikuwahi kumwona mtu mzima akitoka uani kwetu kinyumenyume.

Saidi alikuja siku ya Idi. Alikuja bila kuitwa, na kanzu mpya, na mfuko wake wa kazi begani kwa sababu alikuwa amepata kibarua cha siku mbili Kariakoo. Aliniletea viatu vya plastiki vyekundu. Mimi sikumwamkia, nilitii amri, lakini viatu nilivipokea; hilo redio haikulisema. Mama alikuwa akipakua pilau. Saidi alimbusu Bibi mkono, akamgeukia kaka yake akatoa salamu ya Idi, na Baba akaangalia ukuta.

Wangeweza kuishia hapo. Watu wazima wengi wameishi miaka wakiangalia ukuta. Lakini Saidi alikuwa na mdomo wetu, huu nilio nao mimi. Akaanza kwa upole, kwamba amewaacha mafundi wenzake ili aje kula na kaka yake. Akaendelea kwamba magorofa yana maji ya bomba ndani, mpaka juu. Kisha Saidi akasema lile alilokuja nalo tangu Unguja.

"Mjerumani wangu anajenga. Wako kaondoka bila kukuaga."

Baba akasema, "Kaniaga." Akaingia chumbani, akatoka na spana.

Pigo la kwanza lilimpata Saidi begani, nikasikia mfupa, sauti ndogo ya ukuni mkavu. La pili lilimpata usoni. Alianguka juu ya jiko la mkaa, sufuria la pilau likapinduka, makaa yakamwagikia miguuni mwa Bibi, na Bibi akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia mluzi wa birika moyo wangu unaruka. Nikadhani kwisha. Lakini Saidi aliinuka na mkono mmoja, upande wa uso wake umekuwa mwekundu wote kama umevikwa kitambaa, akauingiza mkono kwenye mfuko wa kazi akatoka na mwiko wa kujengea, ule wa chuma, uliolika kwa saruji mpaka umekuwa na makali ya panga. Alifyeka. Baba alikinga kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vilibaki vinaning'inia. Mama aliingia katikati akasukumwa ukutani, akaingia tena. Wapangaji walifunga milango yao, niliyasikia makomeo.

Na mimi, kwa akili yangu, nilikuwa nikiangalia mlango wa uani. Nilikuwa nawangojea Wajerumani. Ugomvi ulikuwa wao. Niliamini wako njiani, yule wa masikio mekundu na mwenzake wa Unguja, watakuja kusema basi, inatosha, hili letu.

Aliyekuja ni Mzee Masanja. Alisimama nje ya ua wa makuti, viganja vyake viwili vimejaa majivu, yanavuja katikati ya vidole. Hakuingia. Uso wake ulikuwa umepinda kama wa mtu anayebeba kitu kizito. Alisema, "Nimekatazwa kuingia. Niiteni."

Baba alimsikia, akainua spana tena. Mama alikuwa chini. Bibi, miguu inamwungua, alimtazama mwanawe mkubwa, mwenye nyumba, mwenye amri, kisha akapiga kelele jina la Masanja na kumwambia aingie, nyumba hii nimeizaa mimi.

Majivu yaliwapata wote wawili usoni. Nao walishusha mikono. Baada ya yote yale, walishusha mikono, kama watoto waliomwona mwalimu, wakasimama weupe kama mizimu, damu ikichora njia kwenye weupe. Mzee Masanja alijua kazi yake. Akasema kazi yake.

"Haya, Wajerumani wa Uzaramo. Nani kashinda?"

Mtani akisema, unacheka. Nilifundishwa hivyo tangu sijaota meno. Nikacheka, peke yangu, kwa sauti, na viatu vyangu vyekundu mkononi. Baba akanizaba kofi kwa mkono wake mzima, nikameza jino. Hilo ndilo lilikuwa pigo la mwisho la vita ile, na lilinipata mimi, ambaye sikuwa nchi yoyote.

Jicho la Saidi halikupona. Vidole vya Baba vilikatwa hospitali. Spana aliiosha yeye mwenyewe kwa petroli, kwenye karai, taratibu, kwa vidole vilivyobaki, kama alivyokuwa akiosha vyuma vya ndege.

Sasa sikieni mzaha wenyewe. Haikupita miaka mingi tukasikia kwamba Mjerumani wa magharibi amechoka kununa. Ameanza kuwaamkia waliomwamkia ndugu yake, kisha akamwamkia ndugu mwenyewe, wakakaa wote kwenye meza moja ya mataifa, kila mmoja na kiti chake. Ubalozi huku, ubalozi kule. Duniani kote amri ile ikafutwa, isipokuwa njia ya Pugu. Baba yangu ndiye aliyebaki kuitekeleza, mtu mmoja, mwenye vidole vinane, mwaminifu kwa siasa ambayo wenyewe waliitupa. Niliolewa, nikazaa, na bado jina la Saidi halitajwi ukumbini. Na siku redio ilipotangaza kwamba ukuta umevunjwa, watu wanapanda juu yake wanakumbatiana, nilikuwa nimekwenda kuwasalimia. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akazima. Akauliza kama Unguja siku hizi boti inaondoka saa ngapi.

Aliondoka kesho yake, na spana ameifunga kitambaa chake kilekile, sijui alitaka kumpa au kumwonyesha. Kule kwenye magorofa akaambiwa Saidi ameshazikwa, na arobaini imepita. Hakuna aliyethubutu kumletea habari, kwa kuwa kila mtu aliijua amri. Baba aliuliza swali moja tu, nani alimwosha. Wakamwambia, majirani wa ngazi, na kijana mmoja wa msikitini ambaye hakumjua hata jina. Alirudi akanikabidhi spana akasema nikaitupe. Nami, kama mnavyoona, sikutupa. Nimeibeba kuvuka dunia nzima ili nije kuvunjia pipa.

Nilikuwa bado kwenye kizingiti, kiganja puani. Mlango wa kushoto ukafunguka, Mama Hodan akatoka na ufagio na kizoleo. Alianza kufagia vipande vya mfuniko wangu kwenye njia, kwa sababu ni mwanamke asiyeweza kuona takataka ikakaa, nami nikafanya nilichozoea, nikageuza uso wangu ukutani. Ukuta ulikuwa wa matofali mekundu, umeota ukungu. Niliuangalia sana.

Mama Neema alikuwa akitoka kwake na Biblia kwapani, anawahi basi la kwenda kwenye ibada Erdington. Alisimama. Aliliangalia pipa, akaisoma namba, akaiangalia spana, akamwangalia Mama Hodan aliyeinama na ufagio, akaniangalia mimi na shingo yangu iliyopinda. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alihamisha Biblia kwapa la pili, akasema:

"Mama Zuhura, miye ni mukristo, sijue kuosha maiti ya Waislamu. Ule mwenye unanunia, ni yeye atakuosha."